Je, Kuficha Jina Ndiko Kunakozaa Matusi?

Yako maneno yanayosemwa mara kwa mara katika vikao vya walimu, katika mikutano ya wazazi na hata katika mabaraza ya kutunga sheria: kwamba matusi, uzushi na kejeli zilizojaa katika mitandao ya kijamii zinatokana na jambo moja tu, nalo ni kwamba mwandishi hajulikani. Mwondolee mtu pazia hilo, husemwa, mlazimishe aandike kwa jina alilopewa na wazazi wake, naye atarudi katika adabu. Hoja hii ni nyepesi kueleweka, na kwa sababu hiyo imependwa na wengi. Nia ya makala haya ni kuipima kwa mizani ya uchunguzi wa kisayansi. Nitaonyesha kwamba hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli. Na kwamba tukiifuata kama ilivyo, tutawanyang'anya vijana wetu kinga wanayoihitaji, na huku matusi yakibaki pale pale.

Maana ya kutojulikana

Kwanza hatuna budi kutofautisha mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni kutojulikana kabisa: mtu huandika bila jina lolote, leo hapa kesho kule, wala hakuna awezaye kuyaunganisha maneno yake ya leo na yale ya jana. La pili ni kutumia lakabu: jina la kujipachika, lakini lile lile siku zote, hata wasomaji wakalizoea na kulipa sifa njema au mbaya. La tatu ni kutoonekana: jina linajulikana, lakini uso haupo, macho hayakutani, na sauti haisikiki.

Lakabu si jambo geni kwetu. Katika kurasa za mashairi za magazeti ya Kiswahili, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, wako watunzi waliojulikana kwa lakabu zaidi kuliko kwa majina yao. Walijibizana, na pengine kwa ukali. Lakini kila lakabu ilikuwa na heshima yake ya kulinda, kwa kuwa aliyeivunja heshima hiyo wiki hii alikumbukwa wiki ijayo. Wala kuficha hakukuanzia kwenye jina. Mwanamke wa pwani avaaye kanga yenye maneno ya kumchoma jirani yake anajulikana na anaonekana na kila mtu. Kilichofichwa ni nani aliyekusudiwa. Binadamu, kwa hiyo, amejua kwa muda mrefu njia nyingi za kusema bila kushikwa na maneno yake.

Yafaa pia kukumbuka kwamba afichaye jina mtandaoni amejificha kwa wasomaji tu, si kwa mitambo. Kila chombo kinachoingia katika intaneti hutumia namba ya anwani, na kampuni zinazotoa huduma huweza kuwa na kumbukumbu za matumizi yake. Nchini Tanzania, zoezi la kusajili laini za simu kwa alama za vidole lilianza nchi nzima mwaka 2019. Mara nyingi, basi, anayejiona hajulikani anaweza kutafutwa akapatikana. Kutojulikana ni hali ya moyoni kama ilivyo hali ya kweli. Na hali hiyo ya moyoni ndiyo iliyowashughulisha wanasaikolojia.

Ushahidi wa wanaolaumu pazia

Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon aliandika kwamba mtu akizama katika umati hupoteza hisia ya kuwajibika, kwa sababu umati hauna jina. Mwaka 1952 wataalamu watatu wa Marekani, Leon Festinger, Albert Pepitone na Theodore Newcomb, waliipa hali hiyo istilahi ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita kufifia kwa nafsi. Baada yao, Philip Zimbardo alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1969 jaribio alilolifanya kwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu mjini New York. Baadhi yao walivishwa makoti mapana na kofia zilizofunika nyuso, wala hawakuitwa kwa majina. Wengine walibaki na nguo zao na kubandikwa vibandiko vikubwa vya majina. Wote waliambiwa wampe mtu mwingine mishtuko ya umeme, ambayo kwa kweli haikuwa ya kweli. Wale waliofunikwa walishikilia swichi kwa muda unaokaribia mara mbili ya ule wa wenzao.

Jaribio la pili lapendeza zaidi, kwa sababu lilifanywa nje ya maabara. Huko Marekani kuna sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto hujivika mavazi ya kujigeuza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Edward Diener na wenzake, katika taarifa yao ya mwaka 1976, walieleza walivyowachunguza watoto zaidi ya 1,300 katika nyumba 27 mjini Seattle. Mwenye nyumba aliwakaribisha watoto, akawaambia kila mmoja achukue peremende moja tu, kisha akaondoka chumbani. Baadhi ya watoto walikuwa wameulizwa kwanza majina yao na mahali wanapokaa, wengine hawakuulizwa. Mchunguzi aliyejificha aliandika nani alichukua zaidi ya haki yake.

Miongoni mwa watoto waliokuja peke yao na kuulizwa majina, walioiba walikuwa asilimia 7.5. Waliokuja peke yao bila kuulizwa majina, asilimia 21.4. Waliokuwa katika kundi na wakaulizwa majina, asilimia 20.8. Na waliokuwa katika kundi bila kuulizwa majina walifikia asilimia 57.2. Mwalimu akiziandika namba hizi nne ubaoni, wanafunzi wataona wenyewe mambo mawili. Kwanza, kutojulikana kuna nguvu ya kweli. Pili, kuwa katika kundi kuna nguvu inayokaribia kulingana nayo, na viwili hivi vikikutana madhara huzidi jumla ya kila kimoja peke yake. Mitandao ya kijamii ni mahali vinapokutana kila siku.

Vazi gani? Kundi gani?

Kama uchunguzi ungekomea hapo, wanaotaka kulifuta pazia wangekuwa wameshinda. Lakini mwaka 1979 Robert Johnson na Leslie Downing walilirudia jaribio la mishtuko kwa namna ya werevu. Baadhi ya washiriki waliwavisha mavazi yanayofanana na yale ya Ku Klux Klan, chama cha ubaguzi wa rangi cha Marekani. Wengine waliwavisha mavazi ya wauguzi. Safari hii washiriki waliweza kuiongeza mishtuko au kuipunguza. Wale wa mavazi ya kutisha waliiongeza. Wale wa mavazi ya uuguzi waliipunguza. Na wauguzi wasiojulikana walikuwa wapole zaidi kuliko wauguzi waliojulikana.

Jambo hili lina uzito mkubwa. Kama kuficha jina kungekuwa sumu kwa asili yake, kungemtia ukatili hata aliyevaa kama muuguzi. Mwaka 1998 Tom Postmes na Russell Spears waliyakusanya matokeo ya chunguzi 60 za namna hii na kuyapima kwa pamoja. Waliona kwamba nadharia ya kufifia kwa nafsi haikuungwa mkono vya kutosha. Watu waliofichika hawakuacha kila kanuni, bali walizidi kuifuata kanuni ya mahali walipokuwa. Kwa maneno mengine, mtu akivuliwa jina lake huvaa tabia ya kundi lake. Kundi likiwa la ustaarabu, naye huwa mstaarabu. Likiwa la matusi, naye hutukana, na kujiona kwamba ametimiza wajibu.

Macho yasipokutana

Wataalamu walianza kuyaona matusi ya kompyuta kabla mitandao ya kijamii haijazaliwa. Mwaka 1984 Sara Kiesler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walilinganisha makundi madogo yaliyojadiliana ana kwa ana na mengine yaliyojadiliana kwa kompyuta. Makundi ya kompyuta yalitoa maneno makali zaidi na kuchukua muda mrefu zaidi kufikia uamuzi. Lakini yalikuwa na sifa moja njema: washiriki waligawana nafasi ya kusema kwa usawa zaidi. Wale ambao katika kikao cha ana kwa ana wangenyamaza, walisema.

Mwaka 2004 John Suler alizieleza sababu sita zinazolegeza hatamu za mtu mtandaoni. Kutojulikana ni moja tu kati yake. Nyingine ni kutoonekana, kutopata jibu papo hapo, na kupungua kwa heshima ya wenye mamlaka. Alisisitiza pia kwamba kulegea huko kwa hatamu kuna sura mbili: mmoja hutukana, na mwingine hufungua moyo akaeleza shida ambayo kamwe asingeitaja mbele ya watu.

Sababu ipi kati ya hizo ni nzito? Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak, wa Israeli, walichapisha jaribio lao mwaka 2012. Waliwapa watu wawili wawili suala la kubishania kwa kompyuta, na kubadilisha mambo matatu: kujua jina na habari za mwenzako, kumwona, na kukutana naye macho kwa macho kwa njia ya kamera. Lililochangia zaidi maneno ya uhasama halikuwa jina. Lilikuwa kukosekana kwa macho. Wazee wetu waliposema kwamba macho hayana pazia walikuwa wakizungumzia jambo jingine, lakini wangeyaelewa matokeo haya bila shida. Anayemtazama mwenziwe huona uchungu unapoingia, naye hupunguza. Anayetazama kioo cha simu haoni kitu.

Waliotumia majina yao

Ikiwa hayo ni kweli, basi kulazimisha majina hakutaleta mabadiliko makubwa. Jambo hili halihitaji kubahatishwa, kwa kuwa limekwisha kujaribiwa na taifa zima. Mwaka 2007 Korea ya Kusini ilianza kutekeleza sheria iliyozitaka tovuti kubwa, zenye wageni zaidi ya 300,000 kwa siku, zithibitishe utambulisho wa kila anayeandika. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi 100,000. Mwaka 2011 wezi wa mtandao waliiba habari za watumiaji wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja ya nchi hiyo. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja. Majaji walisema kwamba hapakuwa na dalili ya kutosha ya kupungua kwa maandishi haramu, na huku uhuru wa wananchi wa kusema ulikuwa umebanwa.

Huko Ulaya, Katja Rost, Lea Stahel na Bruno Frey walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa maoni zaidi ya 500,000 yaliyoandikwa kati ya 2010 na 2013 katika jukwaa la Ujerumani la kukusanya saini za malalamiko. Katika mazingira hayo, waliotumia majina yao halisi walikuwa wakali zaidi kuliko waliojificha. Wachunguzi walieleza kwamba mtu anayeamini kuwa anatetea haki hutaka ajulikane. Ukali wake ni fahari kwake. Nasi katika Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kuuona ushahidi wa namna hiyo. Fungua ukurasa wowote wa mashabiki wa mpira au wa siasa, utaona matusi yaliyotiwa saini kwa majina kamili na kupambwa kwa picha ya mwenyewe. Katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi, ambamo kila mtu anamjua mwenziwe, ndimo picha za aibu zinamosambazwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kinga ambayo tungeipoteza

Sasa tuutazame upande wa pili wa mizani. Mwanafunzi anayefanya mtihani wa taifa haandiki jina. Huandika namba ya mtahiniwa. Kwa nini? Ili msahihishaji asijue kabila lake, dini yake wala baba yake. Mpiga kura huingia katika kibanda peke yake. Makala ya kisayansi husomwa na wahakiki ambao aghalabu mwandishi hawajui, ili waseme kweli bila woga wala upendeleo. Na kila mwanafunzi wa takwimu hujifunza jaribio la t, lililochapishwa mwaka 1908 na mtu aliyejiita "Student". Huyo alikuwa William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, ambaye mwajiri wake hakuwaruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Lakabu ile haikuipunguzia hisabati yake hata chembe ya ukweli.

La muhimu zaidi kwa shule ni hili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wako wagonjwa wasiothubutu kufunua maradhi mpaka wafunike uso. Msichana anayesumbuliwa na mtu mzima, kijana anayewaza kujidhuru, mtoto anayepigwa nyumbani kupita kiasi: hao hawatasimama paredi asubuhi na kujieleza. Simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ipo Tanzania na Kenya kwa ajili ya sauti kama hizo. Sanduku la maoni mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu lipo kwa ajili hiyo pia. Tukiwafundisha watoto kwamba asiyetaja jina ni mwovu, tutakuwa tumewafunga midomo wale tunaotaka wasikike, na mwenye nguvu ndiye atakayefaidi.

Msomaji aweza kuuliza: na yule anayeshambuliwa na asiyejulikana, ambaye kila usiku hupokea maneno ya kumvunja moyo hata akaacha kuja shuleni? Je, tumwambie avumilie? La hasha. Huyo anastahili msaada wa haraka, na pazia la mshambuliaji wake laweza kuinuliwa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Mtu yeyote anaweza kubishania vifungu vyake, na wengi wamebishania. Lakini kanuni ya kumtafuta mkosaji mmoja kwa kosa lililothibitika ni tofauti kabisa na kanuni ya kuwavua watu wote mapazia yao kabla hawajakosa. Ya kwanza ni haki. Ya pili ni kama kuwafungia ndani wanakijiji wote kwa sababu mwizi alipita usiku.

Nini kifanyike shuleni

Napendekeza mambo manne. La kwanza, walimu waijali kauli ya kwanza katika kila kundi la majadiliano. Mwaka 2017 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell walionyesha kwamba watu wa kawaida, wakiwa wamekasirishwa kidogo na kukuta maoni ya uchokozi yametangulia, waliandika uchokozi katika asilimia 68 ya maoni yao. Waliokuwa na utulivu na kukuta maoni ya kawaida, asilimia 35. Anayetangulia ndiye anayewavisha wenzake vazi.

La pili, pale ambapo jina halihitajiki, itumike lakabu ya kudumu badala ya kutojulikana kabisa, ili kila mwanafunzi awe na heshima ya kulinda. La tatu, wanafunzi wazoezwe kuyasoma maneno yao kwa sauti, wakimfikiria mlengwa ameketi mbele yao, kabla ya kuyatuma. Ni njia rahisi ya kuyarudisha macho yaliyokosekana. La nne, sanduku la maoni lisiondolewe, bali lifunguliwe kila wiki na majibu yatolewe hadharani, maana asiyejibiwa hupaza sauti.

Aidha, walimu wa sayansi na wa uraia waweza kufanya pamoja jaribio dogo lisilo na gharama. Chagua swali lisilomhusu mtu yeyote binafsi, kwa mfano kama muda wa kujisomea jioni upunguzwe. Gawa karatasi za namna nne kwa bahati nasibu: zenye nafasi ya jina na zisizo nayo, na katika kila aina, nusu ziwe na oni moja la mfano lililoandikwa kwa upole, nusu kwa ukali. Wanafunzi wakimaliza, funika majina, kisha wape wanafunzi wawili wa darasa jingine wahesabu maneno makali bila kujua karatasi ipi ni ya kundi lipi. Linganisheni hesabu zenu na zile za watoto wa Seattle. Darasa moja ni dogo mno kuthibitisha jambo, kwa hiyo rudieni kwa madarasa kadhaa; na kujifunza hilo nako ni sehemu ya sayansi.

Jina ni sehemu ndogo ya mtu. Watu hutukana kwa sababu hawamwoni wanayemuumiza, kwa sababu kundi linawashangilia, na kwa sababu hakuna aliyewaambia basi. Mambo yote matatu yanaweza kufundishwa na kurekebishwa darasani, leo, bila kungoja sheria wala mitambo. Kazi hiyo ni ya mwalimu na mwanafunzi wake, na ni kazi ngumu kuliko kudai kila mtu ataje jina. Lakini ndiyo itakayomrejesha shuleni yule aliyeacha kuja, na ndiyo itakayomwachia mwenzake aliye na siri nzito mahali pa kuisema.